Barua Isiyoonekana ni Barua Isiyojibiwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika safu hii ya leo twapenda kuupeleka usemi huo hatua moja mbele: daftari nalo, lisipoweza kufunuliwa pale panapotakiwa na kwa wakati unaotakiwa, halitofautiani sana na daftari lililotupwa ziwani. Barua ya mwananchi ikifika ofisini, ikagongwa muhuri, ikaandikwa katika kitabu cha barua zinazoingia, kisha ikakosa kuonekana siku inapohitajiwa, mwananchi huyo ni kama hakuandika.

Jambo hili lawahusu watu wote, lakini lawagusa zaidi ndugu zetu wa visiwani. Mtu wa hapa Kashai akitaka kujua barua yake imefikia wapi, huvaa viatu akaenda mwenyewe kuuliza. Mtu wa Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba au Mazinga hawezi kufanya hivyo kwa wepesi. Kwake yeye, kufuatilia barua moja Muleba ni kungoja chombo, kulipa nauli, kutazama hali ya ziwa, kulala bara, na kuziacha nyavu zake bila mtu wa kuzitazama. Akifika na kuambiwa kwamba barua yake ingali ikitafutwa, safari nzima imekuwa bure. Kwa mkaazi wa kisiwani, barua ndiyo miguu yake. Ikipotea masjala, ni yeye aliyekwama.

Kwa sababu hiyo tumeonelea vema leo tuzungumzie programu moja ya kompyuta ambayo kwa wasomaji wetu wengi ni ngeni, lakini imebeba mafunzo ambayo kila ofisi ya umma ingefaidika kuyasikia. Programu hiyo huitwa Notmuch. Kazi yake ni kutafuta baruapepe na kuzibandika lebo, wala haina kazi nyingine. Jina lake kwa Kiingereza ni la utani: lamaanisha "si nyingi", kana kwamba programu yajigamba kuwa hata ukiwa na barua laki kadhaa, kwake yeye si nyingi. Ilianzishwa mwaka 2009 na Carl Worth wa Marekani, na tangu hapo imeendelezwa kwa kujitolea na watu wa nchi mbalimbali. Msimamizi wake kwa miaka mingi amekuwa David Bremner wa Kanada. Ni programu huru, maana yake mtu yeyote aruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuichungulia ndani na kuirekebisha bila kulipa ada.

Hatusemi kwamba kila ofisi ya Mkoa wa Kagera iache mifumo iliyopangiwa na Serikali ikakimbilie programu hii. Tunachosema ni kwamba ndani yake mna wazo, na wazo hilo, pamoja na nyongeza zilizotiwa katika miaka ya karibuni, lafaa kupimwa na wale waliokabidhiwa dhamana ya kutunza barua za wananchi.

DESTURI YA MASJALA

Tuanze na hali tunayoifahamu. Kila barua rasmi nchini mwetu hubeba kichwani maneno "Kumb. Na.", na baada yake tarakimu na herufi zinazoonyesha jalada ambamo barua hiyo imewekwa. Karani wa masjala huipokea, huiandika kitabuni, huipa namba ya folio, kisha jalada hupelekwa kwa afisa anayehusika, naye huandika dokezo na kulipitisha kwa mwenzake. Utaratibu huu una heshima yake. Umelinda kumbukumbu za nchi tangu kabla ya Uhuru, na pale ulipofuatwa kwa uaminifu, karatasi ya miaka arobaini iliyopita bado huonekana kwa dakika chache.

Lakini utaratibu huo una udhaifu mmoja wa maumbile, nao ni kwamba karatasi moja haiwezi kukaa katika majalada mawili. Tuchukue mfano. Halmashauri ya kijiji kimoja cha kisiwani yaandika kuomba boti ya kuwavusha wagonjwa na akina mama wajawazito kwenda hospitali ya bara. Je, barua hiyo ni ya afya? Ni ya usafiri wa majini? Ni ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao? Au ni ya maafa, kwa kuwa imetaja wagonjwa waliofia njiani? Kwa hakika ni ya mambo yote manne. Karani, kwa kuwa hana budi kuchagua moja, aiweka katika jalada la afya. Miezi sita baadaye, afisa anayetayarisha mapendekezo ya usafiri afungua jalada lake, asione kitu kutoka kisiwa hicho, na kwa moyo safi aandika kwamba wananchi wa huko hawajaleta ombi lolote. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyeiba. Hata hivyo haki ya watu imepotea.

Wengi walitumaini kwamba kompyuta ingeuondoa udhaifu huo. Badala yake, kompyuta nyingi ziliurithi. Baruapepe ilipoingia maofisini, watu walijitengenezea folda kwa mfano wa majalada: folda ya afya, folda ya elimu, folda ya uvuvi. Barua ikahamishwa kutoka folda ya kupokelea kwenda folda moja, nayo ikazama humo. Tulibadilisha karatasi, lakini hatukubadilisha fikra.

BARUA IKAE, LEBO ZIZUNGUKE

Notmuch yafuata njia nyingine. Barua zote zaachwa mahali pamoja, katika diski ya kompyuta yenyewe. Programu yazisoma neno kwa neno na kutengeneza faharasa, kama ile tunayoikuta mwishoni mwa kitabu, inayoonyesha kila neno limo katika barua zipi. Faharasa hiyo yajengwa kwa msaada wa programu nyingine huru iitwayo Xapian. Baada ya hapo, mtu auliza swali na kujibiwa mara moja, bila kuzifungua barua moja moja.

Juu ya faharasa ndipo zinapokuja lebo. Barua moja yaweza kupewa lebo moja, tano au ishirini. Ile barua ya boti ya wagonjwa yapewa lebo ya kisiwa chake, na lebo ya afya, na ya usafiri, na ya bajeti, na ya maafa. Barua haikuhama wala haikunakiliwa. Imebaki moja, lakini sasa yaonekana kutoka milango mitano. Afisa wa afya aiona, na wa usafiri aiona, na mtayarishaji wa bajeti aiona pia.

Programu hii haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Mtu huiamuru kwa kuandika mstari wa maneno, kisha huijibu kwa maandishi. Karani akitaka kubandika lebo barua zenye neno "boti" katika kichwa cha habari, ataandika hivi:

notmuch tag +bumbire +usafiri -- subject:boti

Na akitaka kuziona barua za usafiri wa kisiwa hicho zilizoandikwa katika mwaka mmoja wa fedha wa Serikali, ataandika:

notmuch search tag:bumbire and tag:usafiri and date:2024-07-01..2025-06-30

Wapo watakaosema kwamba kuandika amri namna hii ni kurudi nyuma, na kwamba watumishi wamekwisha kuzoea madirisha ya rangi. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo yote. Kwanza, anayehitaji kuzijua amri hizi si kila mtumishi. Ni karani wa masjala, ambaye tayari amezoea kanuni kali kuliko hizi. Pili, amri kumi za kila siku zaweza kuandikwa katika kadi moja na kubandikwa ukutani. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa upande wetu, programu ya namna hii ni nyepesi. Haihitaji kompyuta mpya ya bei kubwa. Kwa kuwa barua zimo ndani ya mashine yenyewe, kutafuta hakuhitaji mtandao. Siku ambayo mawimbi ya simu yamekatika, barua za mwaka jana zingali zaonekana. Kampuni ya Google ilipoanzisha huduma yake ya Gmail mwaka 2004, nayo ilitumia lebo na utafutaji badala ya folda, na mamilioni ya watu wamefaidika. Lakini huduma ile yategemea intaneti. Kwa ofisi ya kata iliyozungukwa na maji, tofauti hiyo si ndogo.

MAPYA YALIYOONGEZWA

Sasa tuzitazame nyongeza za miaka ya karibuni, kwa kuwa ndizo zilizotusukuma kuandika.

Nyongeza ya kwanza ni ya mwaka 2017. Hapo programu iliwezeshwa kutafuta kipande cha neno katika jina la mwandikaji au katika kichwa cha habari cha barua. Msomaji asilidharau jambo hili, kwani lagusa lugha yetu moja kwa moja. Programu hii ilitungwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kwa hiyo yajua kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili umoja na wingi vionekane pamoja. Kiswahili hakibadiliki hivyo. Kiswahili hubadilika kichwani: kisiwa huwa visiwa, mvuvi huwa wavuvi, na kazi yao huitwa uvuvi. Afisa akitafuta neno "kisiwa" peke yake, barua iliyoandikwa "visiwa" haitatokea. Akitafuta "mvuvi", malalamiko ya "wavuvi" hayataonekana. Programu yaruhusu kuweka nyota mwishoni mwa neno ili kukusanya maneno yanayoanza sawa, lakini nyota ya mwishoni haisaidii neno linalobadilika mwanzoni.

Kwa nyongeza hiyo, karani aweza kuandika:

notmuch search subject:/vuvi/

naye akapata vichwa vya habari vyenye mvuvi, wavuvi na uvuvi kwa pamoja. Na kwa kuwa barua zetu rasmi huandikwa kichwa cha habari kwa herufi kubwa, karani mwangalifu atatafuta mara mbili, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa. Ni dawa ndogo, lakini yatufundisha jambo kubwa: chombo kilichoundwa kwa lugha nyingine hakina budi kupimwa kwa lugha yetu kabla hakijaaminiwa. Twatoa wito kwa vijana wetu wa vyuo vikuu wanaosomea kompyuta waitazame kazi hii. Xapian ina kanuni za kuchambua maneno ya lugha nyingi za Ulaya, na hata ya Kiarabu. Kanuni ya ngeli za Kiswahili ingekuwa zawadi kwa kila masjala ya Afrika ya Mashariki.

Nyongeza ya pili ilikuja mwaka 2018, nayo yahusu barua za siri zilizofungwa kwa maandishi ya fumbo. Kabla ya hapo, barua kama hizo zilikuwa hazisomeki na faharasa. Tangu hapo, mwenye ufunguo aweza kuruhusu maneno ya ndani yaingizwe katika faharasa. Hapa twatoa tahadhari. Faharasa yenye maneno ya siri nayo imekuwa siri. Ofisi itakayoruhusu jambo hili bila kuilinda diski yake itakuwa imefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Nyongeza ya tatu ni ya mwaka 2021: namna mpya ya kuuliza maswali kwa kutumia mabano. Swali laandikwa hivi:

(and (or kisiwa visiwa) boti)

Maana yake ni kwamba itafutwe barua yenye neno boti, na ndani yake liwemo ama neno kisiwa ama neno visiwa. Mabano yafungua na kufunga kila wazo, kwa hiyo swali refu halina utata. Namna ile ya zamani, ikikosewa, mara nyingi hukisia maana na kuleta jibu lolote, au isilete jibu kabisa. Hii mpya, ikikosewa, hulalamika na kukataa. Maswali yanayorudiwa kila mara yaweza pia kuhifadhiwa kwa jina. Ofisi yaweza kuandika swali moja lenye "kisiwa", "visiwa", "kisiwani" na "visiwani", ikaliita jina moja, na kila karani akalitumia bila kulitunga upya. Vivyo hivyo kwa majina yaliyobadilika. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita vya kumwondoa mvamizi. Anayetafuta kumbukumbu za zamani zilizoingizwa katika kompyuta kwa neno "Kagera" peke yake atadhani kwamba kabla ya mwaka huo watu wa hapa hawakuandika barua.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kimya cha kompyuta si ushahidi kwamba barua haipo. Mara nyingi ni ushahidi kwamba swali liliulizwa vibaya. Afisa anayetoka kumjibu mwananchi kwamba "haikuonekana" anapaswa kwanza kujiuliza kama alitafuta umoja na wingi, jina jipya na la zamani, Bumbire na Bumbiire.

Nyongeza ya nne ni ya mwaka 2022. Programu ilipewa kifaa kiitwacho notmuch-git, kilichokuzwa kutokana na kifaa cha awali ambacho waandishi wa programu yenyewe walikitumia kugawana lebo za kazi zao. Kwa kifaa hiki, historia ya lebo yaweza kutunzwa: lebo gani iliongezwa, ipi iliondolewa, na lini. Zaidi ya hayo, ofisi mbili zenye barua zile zile zaweza kupelekeana lebo. Karani wa Muleba akibandika lebo "imejibiwa", mwenzake wa Bukoba aweza kuipokea bila kupelekewa barua yote upya. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, kupeleka lebo peke yake ni nafuu kubwa, kwani lebo ni maneno machache tu.

Tusisahau pia amri moja ya siku nyingi, ya kuandika lebo zote katika faili moja ya maandishi ya kawaida, ili ihifadhiwe mahali pengine. Mkoa huu haujasahau tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye nguvu ya 5.9, lililoua watu, likaangusha nyumba nyingi na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Kumbukumbu iliyo katika jengo moja haina usalama. Nakala moja ikae Bukoba, nyingine Muleba, na ya tatu mbali na zote mbili.

AMBAYO PROGRAMU HAIWEZI

Tungekuwa wapotoshaji kama tungeishia katika sifa. Yapo mambo ambayo programu hii haiyawezi, na ofisi isiyoyajua itajidanganya.

Kwanza, yasoma maandishi, haisomi picha. Barua nyingi za vijijini huandikwa kwa mkono, zikapigwa picha kwa simu, kisha picha ikatumwa. Kwa faharasa, barua hiyo ni bubu. Kitakachoonekana ni jina la faili na kile kichwa cha habari alichoandika mtumaji. Kama kichwa hicho kimeachwa wazi, au kimeandikwa "salaam" tu, barua ya kijiji kizima imezikwa. Dawa yake ni kazi ya mkono: mpokeaji aandike mistari mitatu ya muhtasari, akitaja kisiwa, kijiji, ombi na tarehe.

Pili, programu haipokei barua kutoka mtandaoni wala haizitumi. Yategemea vyombo vingine kwa kazi hizo. Anayeichukua lazima ajue kwamba amechukua kiungo kimoja cha mnyororo.

Tatu, haijui lebo ipi ni sahihi. Karani mmoja akiandika "usafiri", wa pili "usafirishaji", na wa tatu "boti", tumerudi kwenye majalada matatu tofauti. Lebo ni lugha, na lugha yahitaji mapatano. Orodha ya lebo iandikwe, iwe fupi, ipitishwe na mkuu wa masjala, na isibadilishwe ovyo. Tungependekeza kila kisiwa kiwe na lebo moja tu yenye tahajia moja, kila idara iwe na lebo yake, na ziwepo lebo tatu za hali ya barua: imepokewa, inashughulikiwa, imejibiwa. Kwa orodha hiyo, kiongozi aweza kuuliza kila Jumatatu asubuhi barua ngapi kutoka visiwani zimepokewa na hazijajibiwa, akapata hesabu kabla chai yake haijapoa.

Nne, na hili ndilo la mwisho, programu haijibu barua. Itaileta mezani, lakini kalamu ni ya mtumishi.

SHERIA IMEKWISHA KUSEMA

Kwa maafisa wanaoweza kudhani kwamba haya ni mapenzi ya wapenda kompyuta tu, twapenda kukumbusha kwamba sheria za nchi zimekwisha kuweka wajibu huu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 yazitaka ofisi za umma kutunza kumbukumbu zao kwa utaratibu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 yampa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na kuiwekea mamlaka hiyo siku 30 za kujibu. Siku thelathini ni nyingi kwa ofisi inayojua barua zake zilipo. Ni chache mno kwa ofisi inayoanza kupekua makabati. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 nayo imeweka misingi ya kutumia mifumo ya kompyuta katika utumishi wa umma, na ndiyo iliyoipa nguvu Mamlaka ya Serikali Mtandao. Programu yoyote ngeni haina budi kupitia katika misingi hiyo.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Twaitaja kwa makusudi. Chombo kinachoweza kuipata barua ya mwananchi kwa nukta moja chaweza pia kumchungulia mwananchi huyo kwa nukta moja. Barua za wagonjwa, za ugomvi wa ndoa, za watoto na za tuhuma si mali ya kila mwenye kompyuta. Wepesi wa kutafuta uendane na ukali wa kulinda.

Kama kuna atakayeuliza kwa nini tunalitilia mkazo mno jambo la orodha na kumbukumbu, tutamkumbusha msiba ambao kila nyumba ya Bukoba yaufahamu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Mamia ya ndugu zetu walipotea. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wale wa daraja la tatu, waliokuwa wengi na maskini zaidi, hawakuwa nayo. Kwa hiyo idadi kamili ya waliokufa haikupata kujulikana kwa hakika. Hatulinganishi msiba ule na barua iliyopotea. Twasema tu kwamba watu wasioandikwa, au walioandikwa mahali pasipoonekana, ni wepesi wa kusahauliwa, na kwamba mara nyingi wanaosahauliwa ni wanyonge.

YAFANYWE NINI

Kwa upande wa maafisa wa Halmashauri ya Wilaya ya Muleba na wa Manispaa ya Bukoba, ushauri wetu ni wa mambo manne. Orodha ya lebo iandikwe kwanza, hata kabla ya kuchagua programu, kwa kuwa orodha hiyo yaweza kutumika hata katika kitabu cha karatasi. Mfumo wowote wa barua utakaonunuliwa au kupokewa uulizwe maswali mawili: je, barua moja yaweza kuonekana kutoka idara zaidi ya moja, na je, wajua kwamba kisiwa na visiwa ni neno moja? Makarani wa masjala wapewe mafunzo na heshima inayostahili, maana wao ndio wenye ufunguo wa kumbukumbu ya wilaya. Na vijana wenye ujuzi waruhusiwe kuijaribu Notmuch katika barua zisizo za siri, kwa muda maalumu, kisha matokeo yapimwe bila upendeleo.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, nao wana sehemu yao. Barua iandikwe kichwa cha habari kinachotaja kisiwa, kijiji na jambo linaloombwa. Jina la mahali liandikwe kwa tahajia moja kila mara. Tarehe isiachwe. Barua ikitumwa kwa picha, maneno machache ya muhtasari yafuatane nayo. Mtendaji wa kijiji abaki na nakala. Na barua ya majibu ikifika, ile "Kumb. Na." iliyo juu yake ihifadhiwe kama inavyohifadhiwa stakabadhi ya fedha, kwa sababu ndiyo njia ya kurudia swali bila kuanza upya.

Teknolojia haitavuta kisiwa kikasogea karibu na bara. Mawimbi yatabaki pale pale, nauli itabaki nauli, na upepo wa kusi utaendelea kuvizuia vyombo. Lakini barua iliyokwisha kuvuka maji yote hayo haistahili kuzama tena juu ya meza. Mwananchi ametimiza wajibu wake alipoandika. Wajibu wa ofisi ni kuiona barua hiyo, na baada ya kuiona, kuijibu.